Mwandishi Aitwaye Duniani, S. la A.

Katika vyuo vikuu vingi, mafunzo ya kutumia kanzidata za maktaba hutolewa wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo, yaani wakati ambao mwanachuo hana haja nayo. Wiki hiyo akili yake iko kwenye chumba cha hosteli, bumu la mkopo na mahali penye chipsi za bei nafuu. Mkutubi husimama mbele ya ukumbi uliofurika, akaeleza tofauti ya juzuu na toleo la jarida mpaka umeme ukatike. Karatasi ya mahudhurio hurudi ikiwa na majina mengi kuliko watu waliokuwamo ukumbini. Muda hupita, na tasnifu inapokaribia kuwasilishwa, wanachuo walewale huja mmoja mmoja kwenye meza ya mkutubi kuuliza kama chuo kina hizo kanzidata.

Zipo, tena nyingi. JSTOR, iliyoanzishwa mwaka 1995, imehifadhi majarida ya zamani, ingawa matoleo ya miaka mitatu hadi mitano ya karibuni mara nyingi hayamo; anayesaka makala ya mwaka jana atapekua humo hadi usiku bure. AJOL, iliyoanza 1998, hukusanya majarida yanayochapishwa Afrika, Kioo cha Lugha la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam likiwamo. Hinari, iliyofunguliwa 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani na sasa ni sehemu ya mpango wa Research4Life, huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo makala za afya bure au kwa ada ndogo. Shida haiko kwenye uchache wa makala. Shida huanza mwanachuo anapoachwa peke yake na kisanduku cha kutafutia.

Kosa la kwanza hutokana na malezi mema. Mwanachuo aliyefunzwa adabu huandika swali lote kama alivyopewa na mhadhiri, kuanzia "Jadili kwa mifano" hadi nukta ya mwisho. Kanzidata haina habari na adabu. Husaka makala yenye maneno hayo yote, isiipate, ikajibu sifuri. Anayeandika kwa Kiswahili kwenye kanzidata ambayo karibu makala zake zote ni za Kiingereza naye huambulia hivyohivyo. Wote wawili hufunga kompyuta wakiwa na furaha, kwa kuwa sasa wanaweza kuandika katika sura ya kwanza ya tasnifu kwamba mada yao haijawahi kutafitiwa na mtu yeyote. Mapengo mengi ya utafiti yaliyotangazwa katika tasnifu yamezaliwa kwa njia hii.

Dawa yake ni kuteua maneno makuu mawili au matatu na kuyaunganisha kwa AND, OR na NOT. Viunganishi hivi vinatokana na mantiki ya George Boole, mwanahisabati wa Uingereza aliyechapisha kitabu chake mashuhuri mwaka 1854. AND hupunguza majibu, OR huyaongeza, NOT huondoa yasiyotakiwa. Mwanachuo hudhani kinyume. Akitaka habari za malaria katika Kenya, Tanzania na Uganda, huziunganisha nchi zote kwa AND akitumaini kupata nyingi, kumbe ameagiza makala zile tu zinazozitaja nchi zote tatu kwa pamoja. Alitakiwa kuziweka nchi kwenye mabano na kuziunganisha kwa OR.

Nyota (*) nayo ina visa vyake. Alama hii ikiwekwa mwishoni mwa mzizi wa neno, kanzidata huleta kila neno linaloanza na mzizi huo. Ni msaada mkubwa mzizi ukiwa mrefu, na ni balaa ukiwa mfupi. Mwanachuo anayeandika kuhusu panya buku wa shirika la APOPO, wanaofunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu, akiandika "rat*" ataletewa panya wachache waliozama katika makala za viwango vya riba, uwiano wa walimu na wanafunzi, na uridhiaji wa mikataba ya kimataifa, kwa sababu maneno yote hayo ya Kiingereza huanza na herufi hizo tatu. Aliyeandika "aids" akitaka UKIMWI naye huletewa zana za kufundishia na vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri. Mashine imetii ilichoambiwa. Kilichokuwa moyoni mwa mtafutaji hakikuandikwa popote.

Makala ikishapatikana, hufuata suala la kuifungua. Kanzidata nyingi humtambua msomaji kwa mtandao wa chuo anaoutumia. Akiwa maktaba, makala hufunguka bila maswali; akirudi alikopanga chumba na kuwasha bando lake, makala ileile humdai dola 30 au zaidi. Wengi huamini kwamba chuo kimeacha kulipia. Wachache hukumbuka kuwa walipewa nywila ya kuingilia wakiwa nje ya chuo, na miongoni mwa hao wapo ambao nywila yao ilibaki nyuma ya karatasi ya ratiba ya mwaka wa kwanza. Anayekwama hapo hukimbilia desa la waliotangulia, au steshenari iliyo jirani na geti, ambako tasnifu za miaka iliyopita huuzwa zikiwa na makosa yake yote ya asili.

Sehemu iliyojaa misukosuko kuliko zote ni kurejelea. Mtindo wa kutaja jina la mwandishi na mwaka ndani ya maandishi huhesabiwa kuanzia Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala kuhusu mayai ya konokono asiye na gamba. Lengo lake halijabadilika: kurejelea ni kumwelekeza mgeni nyumba, ili afike mwenyewe bila kupiga simu njiani. Anayeandika "Chanzo: Google" amemwambia mgeni kwamba nyumba iko duniani.

Ugumu wa kwanza ni majina. Kanuni inataka jina la mwisho litangulie, kisha herufi za mwanzo za majina mengine. Kanuni hiyo hufika Zanzibar ikakutana na waandishi watatu wa riwaya: Muhammed Said Abdulla, aliyetoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960; Mohamed Suleiman Mohamed, mwenye Kiu ya 1972; na Said Ahmed Mohamed, aliyeandika Utengano ya 1980. Wa kwanza ni Abdulla, M. S., wa pili ni Mohamed, M. S., wa tatu ni Mohamed, S. A. Mwanachuo anayepanga marejeo usiku wa manane huweza kumpa kila mmoja riwaya ya mwenzake, na kuwatenganisha tena ni kazi ya kuachiwa Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na huyo wa kwanza.

Ugumu wa pili ni heshima, ambayo hapa hurudi kwa mlango mwingine. Marejeo hayabebi vyeo. Mwanachuo husitasita kumtaja profesa aliye hai kwa jina moja tupu, tena profesa huyohuyo ndiye atakayesahihisha. Hivyo huandika "Prof. Dk." pale pasipotakiwa kitu, na kwa kitabu Ujamaa cha 1968 huandika "Nyerere, M.", herufi M ikiwa ni ya Mwalimu. Inayotakiwa ni "Nyerere, J. K.".

Ugumu wa tatu huletwa na programu za kupanga marejeo, kama Zotero iliyotolewa mwaka 2006. Programu hizi huokoa muda mwingi, lakini hazijui nani ni mtu na nani ni taasisi mpaka ziambiwe. Shirika la Afya Duniani likiingizwa kwenye nafasi ya jina la mtu, linaweza kutokea kwenye orodha kama "Duniani, S. la A.", mwandishi mwenye machapisho mengi ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Ripoti ya Wizara ya Afya nayo huwa ya bwana Afya, W. ya.

Kisha kuna matoleo ya mtindo wenyewe. Mwongozo wa APA, yaani Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ulianza mwaka 1929 ukiwa na kurasa saba tu. Toleo la saba, la 2019, limeondoa jina la mji kitabu kilikochapishwa. Msimamizi aliyesoma zamani huutaka mji, mratibu wa idara hautaki. Dar es Salaam huingia na kutoka katika orodha ya marejeo kila rasimu inapokabidhiwa.

Programu za kupima ulinganifu wa maandishi zimeleta vituko vipya. Zisiporekebishwa, huhesabu hata orodha ya marejeo kuwa imenakiliwa, na mwanachuo aliyeona asilimia kubwa huanza kubadili maneno ovyo. Ugonjwa huu umefika hata kwenye majarida: mtafiti Guillaume Cabanac na wenzake walionyesha makala zilizochapishwa ambamo saratani ya matiti ilikuwa imegeuzwa kuwa hatari ya kifuani. Programu za akili unde nazo hutunga marejeo yenye mwandishi wa kweli, jarida la kweli na mwaka unaoaminika, ila makala yenyewe haipo. Mkutubi akiletewa ombi la makala hiyo, huisaka kwa uaminifu rafu hadi rafu. Si wanachuo peke yao walionaswa. Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi za kubuniwa na programu ya namna hiyo.

Misukosuko hii ina tiba mbili, na zote ni rahisi. Ya kwanza ni ya vyuo: mafunzo yatolewe mwanachuo akiwa na swali mkononi, katika vikundi vidogo, si katika wiki ya kutafuta chumba. Ya pili ni ya mwanachuo: aandike mwandishi, mwaka, kichwa, jarida na kurasa siku ileile anayosoma makala, kwa kuwa usiku wa kuamkia kuwasilisha tasnifu hakuna anayekumbuka. Na akikwama, aende kwa mkutubi mapema. Huyo ndiye mtu pekee chuoni anayelipwa mshahara ili aulizwe swali lilelile kila siku, na halimchoshi.