Mimi na Uchuro Wangu

Shemeji yangu amenunua boti. Ni ya faiba, mtumba, injini ya nguvu farasi 40, imepakwa rangi mpaka inaumiza macho. Tangu siku hiyo ukimwita kwa jina lake haitiki, mpaka umwite kepteni.

Jumapili moja ya Julai akatualika Mbudya. Kutoka Kunduchi ni pua na mdomo, kisiwa unakiona huku umekaa unakula mihogo, na nadhani ndiyo maana watu wanakidharau. Nilipofika ufukweni nikakuta vimeshapakiwa kreti mbili za soda, deli la barafu, jiko na gunia la mkaa, na spika kubwa kama jeneza. Watu 11. Nikauliza, kwa adabu zote za mtu aliyeoa kwao: “Shemeji, maboya yako wapi?”

Wakanyamaza wote. Mama mkwe akanitazama kama vile nimeulizia sanda harusini. “Mwanangu, usituchurie.”

Hapo ndipo ninapogombana na nchi nzima. Kwenye gari mtu akifunga mkanda haambiwi anaombea ajali. Tunafunga kwa kumwogopa trafiki, sawa, lakini tunafunga. Baharini, ambako hakuna trafiki wa kuchomoza nyuma ya mwembe, ukiulizia boya unaonekana unatamani maiti.

Maboya yalipatikana. Matano. Mawili yamefanywa mito ya kukalia, moja la mtoto, mengine yako chini ya mkaa. “Yapo, shemeji. Yakihitajika tutavaa.” Yakihitajika! Jaribu kufunga vifungo vya shati huku unakunywa maji ya chumvi na mawimbi yanakuzaba makofi, kisha uje unisimulie. Nikajichukulia moja zima, nikavaa, watoto wakacheka.

Kwenye injini kulikuwa na kamba nyekundu ya kujisokota. Kazi yake ni kufungwa kwenye mkono wa nahodha. Akianguka majini inachomoka na injini inazimika papo hapo. Asipoifunga, yeye anabaki majini, boti inaendelea peke yake, na boti isiyo na mtu ina tabia mbaya ya kuzunguka na kumrudia mwenyewe na propela yake. Kepteni alikuwa ameitundikia kifungulia soda.

Nanga ilikuwepo. Kamba yake ilikuwa imeazimwa kuanikia nguo.

Tukaondoka. Kepteni, niseme, zamani alikuwa dereva wa daladala. Barabarani sisi hupita kushoto, lakini baharini vyombo viwili vya mashine vikikutana uso kwa uso, kila kimoja hukata kulia. Tukakutana na boti inayotoka kisiwani. Wao wakakata kulia, sisi kushoto, tukawa tunafuatana kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Aliyotuambia nahodha wa pili mhariri hataruhusu yachapwe.

Mafuta ndiyo kabisa. Wazoefu hugawa theluthi tatu, moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Kepteni alikuja na dumu moja, nalo akalichoma nusu kwa kukizunguka kisiwa mara mbili, muziki juu, ili wazungu waliolala mchangani wamwone.

Kila mtu wa pwani anaijua kusi. Asubuhi bahari imetulia kama chai kwenye sahani, alasiri upepo unaamka. Tulipoanza kurudi saa kumi ulikuwa umeshaamka na kupiga mswaki. Katikati ya mkondo mtu akapiga kelele, “Pomboo!” Ndugu zangu wote wakasimama na simu zao, wakahamia upande mmoja. Boti ikalala, maji yakaingia, spika ikanyamaza. Nikawapigia ukelele wakae chini, kila mtu mahali pake. Wakakaa. Halafu injini ikakohoa mara mbili, nayo ikanyamaza.

Tulivutwa na mashua ya tanga. Ndani yake mlikuwa na mzee na kijana wake, na kando ya kila mmoja dumu tupu la lita 20, limefungwa kifuniko na kutiwa kamba ya kushikia. Mzee hakuuliza kitu. Alitazama injini, akatazama tanga lake, akaturushia kamba. Njia nzima kepteni alikuwa anajifanya anakagua plagi.

Katika purukushani ile nikagundua sina boya. Nililivua kisiwani wakati wa kula. Nikageuka nyuma, nikamwona mama mkwe amelivaa mpaka kidevuni, mikanda yote imefungwa, macho ameyaelekeza Bagamoyo.

Ufukweni kesi ikaamuliwa haraka. Mafuta hayakutajwa. “Wewe ndiye uliyeanza kuulizia maboya,” wakaniambia.

Mwezi ujao ni Bongoyo. Nimeshajinunulia boya langu, na mke wangu amelishonea foronya ya maua ili lipande botini kama mto. Juzi usiku mama mkwe akanipigia, sauti ya chini. Anataka na yeye, la saizi kubwa, foronya ya kijani. Akaniomba kepteni asijue.