Waranti ya Maisha, Maisha ya Nani?

Hongera, bosi wa Lavington, kwa baiskeli ya milimani yenye shokomzoba mbele na nyuma! Muuzaji wa katikati ya jiji amekuapia kwamba fremu ina waranti ya maisha. Hakudanganya, ila mara nyingi waranti hiyo ni ya mnunuzi wa kwanza, naye yuko Ulaya, ilikotoka baiskeli yako ya mtumba. Hata ukinunua mpya, soma masharti hadi chini kabisa: beringi, cheni na matairi huhesabiwa kuwa uchakavu wa kawaida. Shokomzoba nazo hutaka kusafishwa na kubadilishwa mafuta kila baada ya saa 50 hadi 125 za kuendesha, kutegemea mtengenezaji, na risiti utunze. Vumbi jekundu la Msitu wa Ngong Road halisomi masharti. Ukidai, utaombwa picha, namba ya fremu, kisha subira. Na baiskeli ya Black Mamba je? Haina springi ila za kiti, inakatiza Kawangware na mizigo yake, na fundi wa kando ya barabara ana spea. Kabla hujalipia nyingine, bosi, uliza hivi tu: beringi za hii ziko Nairobi, au ziko kwenye katalogi?