Mwongozo kwa Mzazi wa Kasense, Sumbawanga, Anayetafuta Bima

Hongera, mzazi mwenzangu. Mwanao ana miaka miwili, ukimwita hageuki, kitu hakionyeshi kwa kidole, na tangu asubuhi anapanga magunzi ya mahindi mlangoni. Ukisogeza moja tu, kijiji kizima kitasikia kilio. Usihangaike. Bibi yake atakwambia hata baba yake alichelewa kusema. Jirani atanong'ona kuwa amerogwa. Mganga hana haja ya kadi wala fomu: anapokea kuku, tena kwa awamu.

Ukikataa hayo yote, utaambiwa huenda ni usonji, nao hushughulikiwa mapema, mtoto afundishwe kuwasiliana, kucheza na kuvaa kabla ya umri wa shule. Bima nayo inapenda mapema, ila ya kwake. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, kisa wazazi wanakata kadi mtoto akishaugua. Baadaye ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Funzo ni kwamba ukate bima kabla hujajua mtoto ana nini. Kama hukuota, shauri yako.

CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa nafuu, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, lakini mwisho wake ulikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Tatizo la mwanao halijui mipaka ya mkoa. Kwa hiyo panda ngazi: zahanati, kituo cha afya, Sumbawanga mjini, kisha Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma, na ikibidi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Kila ngazi ina fomu yake. Nauli na malazi ni vyako, na tiba ya usemi si sindano ya siku moja. Inarudiwa wiki hadi wiki.

Marekani, majimbo yote 50 yanazitaka kampuni za bima zigharamie angalau sehemu ya tiba ya usonji. Kwetu Tanzania, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, jambo jema kabisa. Ila sheria haimfundishi mtoto kutamka "maji". Anayefundisha ni mtaalamu, na huyo hachapishwi pamoja na kadi.

Basi ukiambiwa zahanati "subiri, atasema tu", mwombe mhudumu kwa heshima ayaandike maneno hayo kwenye kadi ya kliniki, aweke tarehe na sahihi. Halafu omba rufaa.