Damu ya Mzee, Lakini Siyo Hii

Ukiwa Tabora na unataka kujua rangi sahihi ya kitu, usiisumbue kompyuta. Muulize shangazi. Kompyuta itakupa namba tatu zilizotenganishwa kwa mkato. Shangazi atakupa jibu moja tu, na jibu hilo halikatiwi rufaa.

Nasema hivi kwa sababu rangi ndiyo inayonilisha. Nina steshenari Isevya: fotokopi, lamineshi, picha za pasipoti, kadi za harusi, na tangu nilipoingiza printa ya wino wa rangi sita, albamu. Fotokopi ni kazi ya amani. Cheti kinaingia cheusi, kinatoka cheusi, mtu analipa, anaondoka. Albamu ya harusi inaingia dukani na ukoo mzima, na kila mmoja amekuja na macho yake.

Wateja wengi wanadhani programu ya kuhariri picha kazi yake ni kurembesha. Mimi naona nusu ya kazi yake ni usuluhishi. Skrini inatoa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu. Ukiuwasha wote kwa pamoja unapata weupe. Karatasi haitoi mwanga wowote. Inapakwa sayani, majenta na njano, na ukizimwaga zote unaishia kwenye matope. Kwa hiyo ile kijani inayowaka kwenye kioo cha simu yako, wino wangu hauwezi kuifikia hata ukinilipa mara mbili. Wakubwa wa dunia waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1993 kampuni kadhaa ziliunda ICC, baraza la kimataifa la rangi, ili kila kifaa kiwe na faili linaloeleza kinavyoziona na kinavyozitoa rangi. Mwaka 1996 HP na Microsoft wakaleta sRGB, kipimo ambacho skrini nyingi zinakifuata mpaka leo. Vikao vilifanyika, makubaliano yakatiwa saini. Shangazi hakualikwa.

Skrini yangu naipima kwa kidude cheusi kinachoning'inizwa mbele ya kioo. Kompyuta inaonyesha vibao vya rangi kimoja baada ya kingine, kidude kinasoma, kisha skrini inarekebishwa ili nyekundu iwe nyekundu kwelikweli. Siku moja mzee aliyekuja kutoa kopi ya hati ya kiwanja alisimama akikitazama kwa heshima kubwa, akauliza kama kinapima na presha. Nikamwambia hapana mzee wangu, kinapima rangi tu. Akasikitika. Alikuwa ameshakunja mkono wa shati.

Basi ikaja harusi ya mpwa wangu. Kwa kuwa mjomba ana printa, kamati haikuona haja ya kutafuta mwingine, wala haja ya kutenga fungu la picha kwenye bajeti.

Sare ilikuwa rangi ya damu ya mzee. Kitambaa cha kwanza kiliisha katikati ya ushonaji, upande wa bibi harusi ukanunua kingine duka la pili, na nje juani watu wakavilinganisha, wakavikunja pamoja, wakaridhika: ni kimoja. Jioni taa za ukumbini zikawashwa. Upande wetu ukabaki damu ya mzee. Upande wa pili ukawa zambarau.

Jambo hili wenye viwanda vya nguo na rangi wanalijua vizuri. Vitambaa viwili vilivyotiwa dawa tofauti vinaweza kulingana kabisa juani, kisha vikaachana chini ya taa za LED, kwa sababu kinacholingana ni kile kinachofika kwenye jicho, siyo dawa yenyewe. Ukibadilisha taa, umebadilisha kinachofika. Nililieleza hilo mbele ya wazazi wa pande zote mbili kwa ufasaha ambao hata mimi ulinishangaza. Mama mkwe akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mjomba unasema sisi hatukununua sare."

Wakataka programu iamue. Programu haina ubaya, inakubali kubadilisha rangi moja na kuiacha nyingine; unachagua eneo, unavuta kishale, zambarau inarudi kuwa nyekundu iliyoiva. Lakini ukumbi ulikuwa na meza zenye vitambaa vya zambarau vilivyokodishwa kwa pesa nyingi, na hivyo navyo vikafuata. Mwenyekiti wa mapambo alipoziona picha aliuliza maua yake yamekwenda wapi. Nikayarudisha maua, mama mkwe akarudi zambarau. Mpaka leo kuna toleo la upande wa bwana harusi na toleo la upande wa bibi harusi, na kila upande unaamini toleo lake ndilo halikuguswa.

Anayedhani ugomvi wa rangi umeletwa na kompyuta haijui barabara aliyosimama juu yake. Hapa ndipo misafara ya Bagamoyo ilipofika, ikapumzika, kisha ikaendelea kwenda Ujiji, na pesa ya safari ilikuwa vitambaa, nyaya na shanga. Msafiri Stanley alipojipanga mwaka 1871 ilibidi afundishwe kwamba shanga siyo shanga tu. Nyeusi zilipita Ugogo, kwingine hazikuthaminiwa. Sungomaji, zile kubwa, zilitakiwa Ujiji. Nyeupe, walizoziita merikani, zilikubalika Ufipa. Ukizipeleka Ukonongo watu walitaka sami-sami nyekundu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ile mabegani walijua kitu ambacho mimi nilikuja kufundishwa na mama mkwe: rangi ni sahihi pale mwenye mtama anapoipokea. Ukikosea, unabaki na mzigo mzito na njaa juu yake.

Hata upigaji picha wenyewe ulipata ajali kwenye njia hii hii. Wasafiri Speke na Grant walipoondoka Zanzibar mwaka 1860 walikuwa na kamera, na Grant ndiye aliyepewa kazi hiyo. Siku zile mpiga picha alitayarisha na kusafisha mwenyewe vioo vyake vya picha, gizani, ndani ya hema lililofungwa, kwenye joto la huku kwetu. Speke aliona mwenzake atamfia mikononi, akaizuia kamera, akamwambia achore kwa rangi za maji. Walipofika Kaze, yaani Tabora hii, Januari 1861, Grant alikuwa mtu wa brashi. Namwonea wivu. Alichagua rangi mwenyewe, na ndugu wa waliochorwa hawakumfuata hemani.

Turudi kwenye albamu. Kila programu ya picha ina kile kidude cha kunyonya rangi: unabofya kitu ambacho unajua ni cheupe, yenyewe inapiga hesabu na kuzinyoosha rangi nyingine zote. Tatizo ni kupata cheupe Tabora mwezi wa Septemba. Shela lilikuwa limeshapita barabara ya vumbi. Kanzu zilikuwa zimekaliwa. Viti vya plastiki vilikuwa vimehudhuria harusi nyingi kuliko mshenga. Nilihangaika na picha za ukumbini mpaka nikakuta cheupe kimoja cha kuaminika, meno ya MC. Nikayabofya, na ukumbi mzima ukatulia, kila ngozi ikarudi kwa mwenyewe. MC ni Mzaramo, mtani wetu tangu enzi za misafara. Aliposikia, alikuja kudai malipo ya matumizi ya meno, na akataka alipwe kwa asali.

Picha za nje zilipigwa chini ya miembe. Mgeni akija Tabora anaipenda miembe yetu, kivuli kizuri, historia ndefu. Lakini jua likipita kwenye majani yale linashuka likiwa kijani, na bwana harusi aliyesimama chini yake alitoka na uso wa mtu aliyekunywa maji ya bwawani. Nikaondoa kijani. Kijani haichagui, ilitoka usoni ikatoka na kwenye majani. Mama yake akaitazama picha kwa muda mrefu. "Mwanangu amepona," akasema, "lakini mwembe umekufa."

Kuhusu ngozi nitasema kidogo, maana nikianza sitamaliza. Miaka mingi maabara za filamu zilipima rangi ya ngozi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley, na ndiyo maana kwenye picha nyingi za zamani wazee wetu wamebaki macho na meno. Sasa tumeingia kwenye kosa la upande wa pili, na tumeingia kwa hiari. Simu ya rafiki wa bibi harusi ina kitufe cha kung'arisha, na kitufe hicho kinajua uso tu. Hakina habari na mikono. Bibi harusi ni maji ya kunde, mzuri wa kutosha bila msaada wa mtu. Kwenye picha ile uso ulikuwa wa chaki na mikono iliyoshika maua ilikuwa yake. Shangazi aliishika karatasi kwa ncha za vidole. "Uso huu wa nani?" akauliza. "Maana mikono naijua."

Kupanga picha nako kulileta yake. Kamera zilikuwa zaidi ya moja, na saa ya mojawapo ilikuwa imerudi nyuma betri ilipokufa. Programu inapanga kwa saa, haipangi kwa mila. Kwa mujibu wake, mpwa wangu alikata keki, akafunga ndoa, akasindikizwa na matarumbeta, kisha akatuma mshenga kwenda kuposa. Hilo lilirekebishika. Lililotutoa jasho ni kile kipengele cha kutambua sura. Programu ilikusanya nyuso zote, ikauliza kwa upole kama baba wa bwana harusi na mjomba wa bibi harusi ni mtu mmoja. Mtoto aliyekuwa ananiangalia nikifanya kazi akakimbia na swali hilo nyumbani.

Jioni wazee wakaitana. Ndoa ilikuwa imeshafungwa, lakini hilo halikuzuia kikao. Mababu walihesabiwa mpaka Urambo, wakahesabiwa mpaka Sikonge, simu zikapigwa Nzega kwa bibi mmoja anayekumbuka kila mtu. Undugu haukupatikana. Nilirudi kwenye picha, nikazivuta zikawa kubwa, nikaona kwamba wazee wote wawili wamevaa miwani ya fremu moja. Nikapeleka ushahidi. Bibi wa Nzega hakuridhika, na bado anapiga simu.

Printa nayo ina siku zake. Kiangazi chetu ni kikavu, vumbi linaingia hata kwenye soda iliyofungwa, na wino ukilala bila kazi unakauka kwenye vitundu. Asubuhi moja, wiki ya mechi ya Simba na Yanga, alikuja kijana wa bodaboda kuchapisha picha yake kubwa ya kuweka kwenye fremu. Amevaa jezi ya Simba, amejikunja misuli, nyuma yake bodaboda imeoshwa. Kwenye skrini jezi ilikuwa nyekundu tupu, na kidude changu cha kupima kingekula kiapo. Lakini usiku ule majenta ilikuwa imeziba, na nyekundu ya printa ni majenta na njano. Ukiitoa majenta, kinachobaki ni njano. Karatasi ikashuka taratibu, mstari kwa mstari, mbele ya macho yake, na kila mstari ukazidi kumhamisha. Ilipomalizika alikuwa mchezaji wa Yanga.

Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akaniuliza mimi ni mshabiki wa timu gani. Nikaanza kumweleza habari za vitundu. Mtu aliyekuwa anangoja fotokopi nyuma yake, akiwa na kofia ya njano na kijani, akauliza picha ile ni shilingi ngapi, na kama fremu ipo. Akailipia palepale. Sura siyo yake, lakini alisema kwa jezi ile sura haina shida.

Shangazi mwenyewe alitaka picha yake peke yake, kubwa, akiwa na sare. Nilichapisha kipande cha majaribio kwanza, nikamwita mlangoni saa sita mchana, akakitazama, akasema ndiyo, hii ndiyo damu ya mzee, akatia saini yake nyuma ya karatasi. Nikachapisha. Kesho yake alirudi nayo kabla sijafungua kufuli. Usiku, chini ya balbu yake ya njano, ilikuwa rangi ya ugoro. Nikamweleza kwamba picha hukaguliwa kwenye mwanga wa Kelvini 5000, karibu na ule wa mchana. Akauliza hiyo Kelvini inauzwa duka gani. Nikamshauri aitundike karibu na dirisha. Akasema jua litaibabua, na hapo alikuwa na haki, wino wa aina yangu unapauka juani.

Kwa hiyo ameifunga kwenye khanga, ameiweka sandukuni, na anaitoa mchana tu wageni wakija. Alilipa nusu. Nusu iliyobaki, anasema, nitaipata siku rangi itakapokubali na usiku.