Mpigapicha wa Kuteuliwa na Dirisha la Mkurugenzi

Miongoni mwa majukumu ambayo hayamo katika mkataba wa ajira wa mtu yeyote, lakini ambayo kila kampuni ya ukubwa wa kati jijini Dar es Salaam hulazimika siku moja kumtwisha mmoja wa watumishi wake, limo lile la kupiga picha za wafanyakazi kwa ajili ya tovuti. Jukumu hili huzaliwa kikaoni, kwa kawaida chini ya kipengele cha mengineyo, pale inapobainika kwamba tovuti mpya imekamilika isipokuwa ukurasa wa watumishi, ambao bado umejaa vivuli vya kijivu vya watu wasio na nyuso. Na kwa kuwa bajeti ya mwaka imekwisha kuliwa na matairi ya gari la mkurugenzi, hoja ya kumwita mpigapicha wa kulipwa huondolewa haraka kuliko ilivyoletwa. Hapo ndipo anapopatikana yule anayestahili kuitwa mpigapicha wa kuteuliwa, yaani mtumishi aliyekabidhiwa kazi ya picha si kwa sababu anaijua, bali kwa sababu simu yake ndiyo mpya kuliko zote zilizolazwa mezani siku hiyo. Mara nyingi huwa ni kijana wa TEHAMA, ambaye ofisi imekwisha kumwamini kwa printa, kwa feni na kwa kufuli la kabati la masijala.

Uteuzi huo umejengwa juu ya imani kwamba uzuri wa picha umo ndani ya simu, na kwamba hupimwa kwa megapikseli, yaani idadi ya nukta za rangi, kwa mamilioni, ambazo kamera huweza kuzinasa kwa picha moja. Simu ya megapikseli 50 hutajwa ofisini kwa heshima ile ile inayotolewa kwa shahada ya uzamivu. Hata hivyo, tovuti ikionyesha uso katika mraba wa nukta 800 kwa 800, jumla yake ni nukta 640,000, ambazo hazifiki hata milioni moja, na simu ya mlinzi wa getini ingezitoa bila kutoka jasho. Kinachoiharibu picha ya ofisini ni vitu viwili ambavyo havimo katika simu hata kidogo, navyo ni mwanga na vyeo, na kati ya hivyo viwili, mwanga ndio mwepesi kuurekebisha.

Mahali panapochaguliwa kwanza ni ukuta mweupe wa korido, kwa hoja kwamba ni msafi na haumnyimi mtu yeyote meza yake. Kosa la ukuta huo halionekani kwa macho, kwa kuwa limo katika kipimamwanga, yaani kile kifaa cha ndani ya kamera kinachoamua picha ipewe mwanga kiasi gani. Kwa desturi ya ufundi huo, kipimamwanga hudhani kwamba mandhari yote, yakichanganywa pamoja, ni ya kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Kwa hiyo kikioneshwa ukuta mweupe uliojaa kila upande, hukisia kwamba mwanga umezidi, kikaupunguza, na ukuta ukawa wa kijivu huku mtu aliyesimama mbele yake akibaki meno na kola. Ofisa masoko mwenye ngozi ya kahawia iliyoiva hutoka hapo akiwa kivuli chenye tai, na mwenzake aliyevaa shati jeupe hupoteza kiasi kingine zaidi. Dawa yake, katika simu nyingi, ni kugusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu kisha kuburuta alama ya jua kwenda juu, lakini mpigapicha wa kuteuliwa hulijua hilo baada ya idara nzima ya fedha kwisha kupigwa na kurudi makazini.

Haki inadai isemwe kwamba si lawama yote ni ya kijana huyo. Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak iliwapelekea mafundi wa maabara kadi za kupimia rangi, zilizokuja kuitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe ambaye ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha iliyo sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Canada ameeleza kwamba msukumo wa kuboresha namna filamu inavyoonyesha rangi za kahawia ulitoka kwa sehemu kubwa kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani pichani. Ofisa masoko aliyegeuka kivuli anaweza basi kujifariji kwamba malalamiko yake yalikwisha kuwasilishwa na kabati la vitabu. Siku hizi watengenezaji wa simu, wakiwemo Tecno, hutangaza kamera zilizopangwa kwa ngozi nyeusi, na matangazo hayo yana ukweli ndani yake, ila hakuna simu iliyokwisha kupangwa kwa ajili ya korido.

Korido hiyo aghalabu huangazwa na taa za mirija, ambazo nazo zina visa vyake. Umeme wa Tanzania huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mirija ya zamani, pamoja na baadhi ya taa za LED za bei nafuu, hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde kuufuata, jambo ambalo jicho hulisamehe lakini kamera hulinasa kwa mistari ya giza inayokatiza paji la uso la mhusika. Isitoshe, mwanga wa mirija mingi huelekea ukijani, ilhali ule unaoingia kwa mlango wa mbele huelekea ubuluu, na kamera inayotakiwa kuchagua mmoja wao huishia kumpa karani shavu moja la mgonjwa na jingine la mtu aliyetoka baharini. Umeme ukikatika, picha hupendeza ghafla, na kila mtu hushangaa, lakini kazi husimamishwa kwa hoja kwamba hakuna mwanga.

Baada ya hapo msafara hutoka nje, na kwa kuwa hakuna kazi ya ofisi inayoanza kwa wakati, hutoka saa sita mchana. Katika nchi zilizo kati ya tropiki mbili jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na hata siku nyingine halikai mbali na utosi, hivyo nyusi huangusha kivuli machoni na pua huangusha kingine mdomoni, na idara ya rasilimali watu yote huonekana imekesha msibani. Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya havisaidii sana hapa, kwa kuwa hushauri dirisha linalotazama kaskazini, ambako kwao jua haliingii, wakati Dar es Salaam, iliyo karibu na nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hupata jua la mchana upande wa kusini kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi na upande wa kaskazini miezi iliyobaki. Anayetaka mwanga mpole mjini humo hutakiwa kutazama kalenda kabla ya kutazama ramani, na kalenda iliyoko ofisini, ile ya benki, kwa kawaida imening'inizwa nyuma ya kichwa cha mtu anayepigwa picha.

Yote hayo, hata hivyo, ni mambo ya fizikia, na fizikia haina kinyongo. Ugumu wenyewe uko katika vyeo, ambavyo hujiandika pichani kwa namna inayoweza kupimwa kwa futi. Sura ya mtu hubadilika kwa kadiri ya umbali wa kamera, kwa sababu kitu kilicho karibu sana, kama pua, huonekana kikubwa kupita kiasi kikilinganishwa na kilicho nyuma yake kidogo, kama masikio; mpigapicha mzoefu husimama hatua mbili au tatu nyuma ili pua na masikio yapatane. Sasa mpigapicha wa kuteuliwa humkaribia mhudumu wa mapokezi, ambaye ni rika lake, mpaka wanakaribia kugusana, na mbele ya mkurugenzi hurudi nyuma, kwa heshima, mpaka mgongo wake unagonga jokofu. Matokeo yake ni kwamba adabu hufanya kazi ya lenzi, na katika ukurasa mmoja wa tovuti watumishi wa daraja la chini wana pua, huku viongozi wakiwa na masikio yaliyo sawia na miguu isiyohitajika.

Ugumu wa pili ni wa lugha. Kupiga picha ya uso ni kazi ya kuamuru, kwa maana kwamba mwenye kamera humwambia mwenye uso ainamishe, ageuze, ainue, ashushe, na kijana aliyeanza asubuhi yake kwa shikamoo hawezi kuimaliza kwa kumwambia mtu yule yule ashushe kidevu. Mpigapicha wa studio hakuwa na shida hiyo. Ranchhod Oza, aliyeifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930, alikuwa fundi katika nyumba ya kazi yake, na kila aliyeingia alikuwa mteja aliyekuja kutengenezwa; kumwinua mzee kidevu ilikuwa sehemu ya huduma iliyolipiwa. Ofisini mambo ni kinyume, kwa kuwa mwenye uso ndiye anayesaini likizo ya mwenye kamera. Kwa sababu hiyo, kola ya mkuu wa fedha iliyokunjika upande mmoja, ambayo kila mtu chumbani aliiona na hakuna aliyediriki kuigusa, hubaki imekunjika mtandaoni mpaka kampuni ibadilishe jina.

Watumishi wenyewe hukabili kamera wakiwa wamekakamaa mabega, kana kwamba utaratibu wa upigaji picha wa Daguerre, uliotangazwa mjini Paris mwaka 1839, ungali unatumika, ule uliowataka wateja watulie kwa muda mrefu kiasi kwamba studio ziliweka vyuma vya kushikilia visogo. Simu ya leo humaliza kazi katika sehemu moja ya mia ya sekunde, lakini pumzi hubanwa kuanzia mlangoni. Kisha kijana huhesabu moja, mbili, tatu, jambo linaloonekana kuwa la busara na ambalo ndilo chanzo cha macho yaliyofumba. Binadamu hupepesa macho takriban mara 15 hadi 20 kwa dakika bila kujua, na anayeambiwa ajiandae huyakodoa tangu moja, yakamchoka kwenye mbili, akayafumba kwenye tatu kwa uaminifu mkubwa. Kupiga picha nyingi mfululizo bila kutangaza kungeondoa tatizo, ila mtu aliyepigwa bila kutangaziwa hudai kwamba alikuwa hajawa tayari, na kwa maana ya kiutumishi ana haki.

Suala la mavazi linahitaji maneno machache tu. Tangazo la siku ya picha hutolewa jioni ya kuamkia siku yenyewe, hivyo ofisi huwa na tai moja, nyekundu yenye mistari, ambayo huzunguka shingo kwa shingo kuanzia asubuhi, na mteja makini anayepitia ukurasa huo hudhani kwamba ni sare. Desturi hii ina ukoo wa heshima, kwani Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliwawekea wateja suti, tai na saa za kuazima. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na zaidi ya moja.

Kinachofuata ni uhakiki, ambapo kila mhusika hudai kuiona picha yake kabla haijatoka. Mtu amezoea kujiona katika kioo, kinachogeuza kushoto kuwa kulia, na picha isiyogeuzwa humwonyesha mgeni anayefanana naye kwa mbali. "Mwanangu, huyu ni nani?" huuliza mhasibu mkuu, na akijibiwa, "Ni wewe, mama," hufuatisha agizo fupi la kufuta. Ili kuokoa siku, kijana huwasha programu ya kulainisha ngozi, na mama aliyebakiza miezi kabla ya kustaafu hutokea tovutini akiwa binti wa kidato cha sita, hali inayowatatiza wateja wanaofika kaunta na kumwomba yeye mwenyewe awaitie mtu wa kwenye picha. Hatimaye picha zote hutumwa kwa fundi wa tovuti kupitia WhatsApp, ambayo huzipunguza ukubwa njiani zisipotumwa kama faili, na fundi huzikata kwa umbo la duara, ambalo halikuwa limetajwa kikaoni, na ambalo humwondolea mwenye kilemba nusu ya kilemba.

Hata hivyo, katika mafaili ya siku hiyo huwemo picha moja isiyo na dosari, nayo ni ya mlinzi. Huyo hakuitwa; aliomba apigwe moja ya kumpelekea mkewe, na kijana, aliyekuwa amechoka, alimpiga alipokuwa amekaa chini ya paa la kibanda chake. Paa lilizuia jua la utosini, mwanga wa anga uliingia kutoka mbele, saruji ya uwanja iliurudisha kwa upole chini ya kidevu, na kwa kuwa hakuna aliyemwogopa mwenzake, waliongea na kucheka wakati simu ikifanya kazi yake. Picha hiyo haikupandishwa tovutini, kwa sababu orodha iliyoidhinishwa iliishia kwa maofisa.

Mwanga wa namna hiyo haupatikani getini peke yake. Karibu kila ofisi ya aina hii ina dirisha moja kubwa lenye pazia jembamba na nafasi ya hatua tatu mbele yake, na dirisha hilo, kwa kanuni isiyoandikwa popote, limo katika chumba cha mkurugenzi, ambamo hakuna anayeingia bila kubisha hodi, achilia mbali kuingia na kiti, shuka jeupe na mhasibu. Kwa hiyo mkurugenzi anayetaka ukurasa wa watumishi usiowatisha wateja anaombwa atoke chumbani humo asubuhi moja, kuanzia saa tatu hadi saa tano, aache pazia limefungwa na taa zimezimwa, akae mapokezi na wenzake mpaka zamu yake ifike, na akiambiwa na kijana wa TEHAMA ashushe kidevu, akishushe. Mlinzi naye aongezwe kwenye orodha, kwa kuwa picha yake iko tayari.