Hoteli ya Saa Tano Usiku

Redio ya mawasiliano ya ridhaa ikisikiliza hula umeme kidogo tu, kama ampea 1. Ikianza kusema, zile za wati 100 hudai ampea 20 na ushei. Yangu niliinunua mkononi mwa mtu, na kwa kusikiliza ilikuwa bingwa. Saa tano usiku, kwenye masafa ya mita 40, nilimsikia Mwitaliano kana kwamba yuko barazani. Nikabonyeza kitufe nimjibu: "Five Hotel..." Pwa! Redio imezima.

5H ndio mwanzo wa majina ya stesheni za Tanzania, na H hewani hutamkwa Hotel. Mwitaliano wa watu aliambulia neno hilo tu. "Stesheni ya Hotel, rudia!" Narudia, inazima.

Sasa, katika utumaji wa sauti niliokuwa nautumia, umeme hufuata koo la msemaji: ukipaza unapanda, ukishusha unashuka. Nikagundua nikinong'ona haizimi. Basi nikanong'ona. Mlango wa stoo ukafunguka, mke wangu na khanga yake, mimi nimeinamia meza: "Hotel... Hotel... unanipata?"

"Baba Asha, hoteli gani?"

Nikaanza kueleza habari za herufi. Mwitaliano naye hakungoja; akajitaja tena, na herufi yake ya mwisho, kwa balaa langu, ilikuwa R. Hewani, R ni Romeo.

Asubuhi shemeji akaja. Nadhani aliitwa kupeleleza, lakini ni fundi umeme wa magari, basi nikamkabidhi mita. Akapima kwenye plagi ya redio: volti 13.8. "Mbona nzima?" Hapo ndipo kiungo kibovu kinapokuhadaa, umeme usipopita kwa wingi, kinachopotea ni kidogo mno. Akaniambia niseme kwa nguvu huku anapima. "Hotel!" Volti zikaporomoka hadi 10.8, redio ikazima. Akashika waya karibu na plagi, akauachia upesi akipuliza vidole. Ukinzani wa omu 0.15 tu, ampea 20 zikipita, humeza volti 3, na nishati yake hutoka kama joto.

Tukafumua. Chini ya tepu nyeusi palikuwa na selotepu, chini ya selotepu karatasi ya sigara, na chini ya karatasi nyuzi za shaba zimeota ukijani, zimesokotwa kwa vidole na aliyeniuzia, Mungu amsamehe. Shemeji akakata hadi shaba inayong'aa, akabana viunganishi vipya kwa koleo, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na fyuzi kwenye kila waya. Mke wangu alisimama mlangoni muda wote, akitazama kama hakimu.

Usiku ule nilijitaja kwa pumzi zangu zote. Mwitaliano akanipa 59, yaani nasikika bila taabu yoyote.

Kulipokucha, mama wa nyumba ya pili akanisimamisha uani. "Jirani, nasikia mnafungua hoteli. Supu mnaanza lini?"