Bunduki Hatuna, Umbali Tunao

Ukiwatoa polisi wa kituoni, simjui mtu hapa Nunguni anayemiliki bunduki. Lakini thubutu kuuliza pale sokoni bunduki ya kuwindia inafaa kuwekwa ziro ya mita ngapi, yaani risasi ipige pale pale jicho linapolenga kwa umbali gani, kisha vuta kiti ukae, maana giza litakukuta hapo hapo. Mia, atasema huyu. Mia mbili, atasema yule, tena kwa sauti ya mtu aliyetukaniwa ukoo. Watu ambao hawajawahi kushika hata bunduki ya maji wanazungumzia kifua cha choroa utadhani walimchuna jana jioni.

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977. Aliyezaliwa mwaka huo leo anasoma gazeti kwa miwani. Wenzetu wa Tanzania bado wana vitalu vyao vya uwindaji na wageni wa kuvilipia. Sisi huku Ukambani tumebaki na maneno. Na maneno hayaombewi leseni. Bunduki inaombewa, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haijui mzaha, ila kusema “mimi ningeiweka mia mbili” hakuna askari atakayekupiga pingu. Ndiyo sababu wanajiachia.

Mimi mambo haya sikuyatafuta. Nilichotaka ni nyani waniachie mahindi yangu, basi.

Ni Julai, baridi ya milima yetu hii ya Kilungu inauma hadi kwenye fizi, na mahindi ndiyo kwanza yanafaa kuchoma. Nyani wanateremka kutoka majabalini umande haujakauka, wanaruka tuta moja la fanya juu hadi jingine, matuta aliyoyachimba marehemu baba yangu kwa sururu na matusi. Na nyani hali hindi kama mwenye njaa. Anakaa ukingoni mwa tuta, miguu inaning'inia, anavua maganda moja moja, ananusa, anauma mara mbili, anatupa, anavunja jingine. Okota lile alilotupa: meno yamepita katikati tu, huku na huku punje zimekaa kwa safu, hazina hata alama. Muthokoi wangu wa mwezi mzima, yale mahindi ya kukoboa, unaonjwa hivyo na wageni wasiobisha hodi.

Kinachonichoma zaidi ni dume lao kubwa. Huyo hali upesi. Anakaa juu ya jiwe kando ya mparachichi, ananitazama. Nikiinama kuokota jiwe, anautazama mkono. Nikirusha, jiwe linaanguka hatua mbili mbele yake, naye hajikuni hata ubavu. Siku niliposogea mbele, naye alisogea nyuma, hatua zile zile, akakaa.

Basi nikaenda kibanda cha chai kuomba ushauri. Nikapewa semina.

Pale kuna Afande mstaafu, aliyelitumikia jeshi enzi za bunduki ya G3. Aliposikia tu nimetamka “mbali kidogo kupita mawe yangu,” aliweka kikombe chini. Akachukua mrija wa soda, akaulaza mezani ukawa mtutu. Juu ya mrija akaegesha njiti ya kibiriti, ikawa macho ya kulengea. Chapati yangu, ambayo nilikuwa sijaigusa, akaisimamisha kwenye chupa ya pilipili upande wa pili wa meza ikawa swara.

“Kijana,” akaniambia, nami nina miaka zaidi ya hamsini, “jicho linaona mstari ulionyooka. Risasi haijui kunyooka. Ikitoka tu mdomoni mwa mtutu inaanza kuanguka. Kwa hiyo mtutu unainuliwa kidogo. Risasi inatokea chini ya mstari wa jicho, inapanda, inaukata ikiwa bado karibu, inapita juu yake, halafu inashuka inaukata tena kule mbali. Hapo mara ya pili ndipo ziro yako.”

Na kwa kuwa yeye ni mtu wa vitendo, aliusukuma mrija ukatoboa chapati.

Ngoma ya kulengea iliyo nyuma ya G3, akaendelea, ina namba moja hadi nne: mita 100, 200, 300, 400. Unazungusha tu. Lakini bunduki ya mwindaji yenye darubini haina anasa hiyo. Kwa kawaida unachagua umbali mmoja nyumbani, unapiga risasi tatu kwenye karatasi, unasahihisha, unapiga tatu nyingine, na chaguo hilo ndilo unaloingia nalo porini. Chukua .308 ya kawaida. Ukiiweka ziro mita 100, kwenye mita 300 itakuwa imeshuka zaidi ya sentimita 30. Ulilenga bega, umepiga vumbi. Ukiiweka mita 200, kwenye mita 100 itapita juu kwa vidole viwili vitatu tu, na kifua cha mnyama hakitambui tofauti ya vidole vitatu. “Kwa hiyo mia mbili,” akahitimisha Afande, “na hakuna mjadala.”

Ukitaka mjadala Nunguni, sema hakuna mjadala.

Mwenye bucha akaruka. Kichakani nani anaona mita 200? Mnyama unakutana naye hatua arobaini, hamsini, tena mgongo tu. Weka mia, ujue risasi inaenda palipo jicho lako, usipige hesabu huku mikono inatetemeka. Kijana wa bodaboda, ambaye elimu yake yote ya silaha imetoka kwenye simu, akasema zote mbili ni za kizamani: weka mita 25, risasi itajirudi yenyewe kwenye mia mbili na ushei. Nilitaka kumcheka, lakini Afande alikunja uso na kunyamaza, nikajua kijana kapatia. Ile mara ya kwanza ya kuukata mstari, kumbe, ndiyo hiyo.

Nami nikajitia kuleta historia. Nikawakumbusha kwamba yule Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alishuka kwenye treni mwaka wa 1909 hapo Kapiti, tambarare za Machakos, si mbali na hapa, na yeye na mwanawe Kermit walipomaliza safari yao walikuwa wameangusha wanyama 512. Na jicho la kushoto la yule mzee lilikuwa limeshakufa kwa ngumi za ndondi. Mwenye bucha akasema kwa mlenga shabaha hiyo si hasara; wengine tunahangaika kulifumba, yeye alishafumbiwa. Basi historia yangu ikaishia hapo, wakarudi kwenye mita.

Hapo ndipo kilipotokea kitu cha maana, nakiri kwa shingo upande. Niliwauliza: hizo mita 100 mtazilaza wapi? Nunguni haina mita 100 zilizolala. Viwanja vyetu vya mpira vyenyewe, timu inayocheza kwa kushuka kipindi cha kwanza huhesabiwa imeshinda. Kutoka mlangoni kwangu hadi kijitoni ni mteremko wa kushukia makalio.

Mwenye bucha akasema jambo liko wazi: ukipiga kupanda mlima, risasi inachoka, inaanguka chini ya shabaha, ukipiga kushuka, inapata mbio, inapita juu. Kibanda kizima kikaitikia kwa vichwa.

“Risasi si punda,” Afande akasema.

Akauinamisha mrija, akaeleza, na safari hii alieleza vizuri mpaka mama wa chapati akaacha kusukuma. Mvuto wa ardhi haujui urefu wa mteremko. Unajua umbali wa bapa tu, ule ambao ungepimwa na kamba iliyolazwa hewani bila kuinama. Mteremko ukiwa mkali wa nyuzi 45, mita 100 za kushuka na shamba, kwa risasi ni kama mita 70 hivi. Wewe bunduki yako umeiandaa kwa anguko la mia kamili, basi risasi itaanguka pungufu na kupita juu ya ulipolenga. Na ni hivyo hivyo ukipiga kupanda. Juu na juu. Ziro yote uliyoisotea kwenye uwanja bapa wa jeshi, huku Kilungu lazima uilenge chini kidogo.

Mwenye bucha alikataa. Hadi leo amekataa. Anasema yeye amebeba nyama kwenye milima hii maisha yake yote na hakuna kitu kinachopanda bila kuchoka.

Kwenye kona alikuwepo mzee mmoja ambaye ujana wake ulikuwa wa uta. Alikuwa amenyamaza muda wote akipuliza chai. Tulipomgeukia, tukamwamkia upya kwa heshima, akauliza tu: “Sasa hizo mita, mnyama anazijua?” Yeye na mjomba wake walikuwa wakiteremka nyika za kuelekea Tsavo, mishale ikiwa imepakwa sumu ya kivai, ile inayousimamisha moyo, ncha zikiwa zimeviringishwa ngozi isikauke wala isimkwaruze mwenyewe. Hakukuwa na cha kuzungusha. Ulitambaa mpaka ukaona inzi machoni mwa mnyama, ndipo ukavuta. Wenye pinde nzito, wale Wawaata wa upande wa pili, walipiga tembo, lakini hata wao walikwenda karibu kwanza. Halafu mwaka wa 1956 ikaja ile operesheni ya Tsavo dhidi ya wawindaji, mjomba akafungwa, uta ukachomwa. “Umbali ni kazi ya tumbo na magoti,” akasema mzee, akaomba aongezewe sukari.

Nikaona heri nirudi kwenye nyani wangu kabla wenzangu hawajaanza kupima tumbo na magoti. Wakanikumbusha sheria, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimetoboa swara. Nyani ni mnyamapori, humpigi. Fidia je? Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina orodha ya wanyama ambao wakikuharibia mazao unaweza kudai. Tembo yumo. Nyati yumo. Pundamilia yumo. Nyani hayumo. Yaani nikitaka kulipwa, itabidi nisubiri pundamilia apande Kilungu.

Ufumbuzi ulitoka kwa mama watoto, ambaye hakuwa ameketi kibandani hata dakika moja. Aliuona siku nyingi: mimi nikitokea mlangoni, nyani wanarudi nyuma mpaka kwenye mparachichi, akitokea yeye, hawaachi hata hindi. Wanamjua mwanamke, wanamdharau. Mahali pengi Afrika Mashariki wakulima wanakwambia hivyo hivyo. Basi asubuhi moja akavaa koti langu zito, gambuti zangu, kofia yangu ya manyoya, akatembea kwa zile hatua zangu za kulalamika, na lile dume likaamka kwenye jiwe, likaondoka na familia yake yote.

Habari ilipofika kibandani, nilidhani semina imevunjika. Wapi! Sasa wanabishana ni mita ngapi nyani anaweza kutambua kwamba ndani ya koti ni mwanamke. Afande anasema mia. Mwenye bucha anasema thelathini, upepo ukiwa mzuri. Kijana wa bodaboda ametumwa akapime shamba langu kwa simu. Na kwa kuwa koti liko kazini kuanzia alfajiri, mimi niko hapa na shati, baridi hii ya Julai, nikinunulia watu chai ili nipate kukaa karibu na jiko.